KUNYAMAZIA ILA YA GARI

Katika biashara zilizoenea mno katika miji yetu ya pwani siku hizi ni hii ya magari yaliyokwisha tumika. Meli huyateremsha Kilindini, yadi hujaa, madalali hupita barazani wakitangaza, na mwenye nyumba aliyekuwa akipanda matatu huingiwa na haja ya gari la kumtosha yeye, mke wake, watoto wake na mama yake mzee. Aghlabu alitakalo ni katika yale magari ya kimo, yenye nafasi nyuma, yaitwayo kwa herufi tatu SUV: Prado, RAV4, X-Trail, Forester, CR-V, CX-5 na mfano wa hayo. Hana fedha za jipya, basi hununua lililotumika. Na fedha azitoazo si za mchezo. Ni akiba ya miaka, au ni bei ya shamba la minazi aliloachiwa na wazee wake, au ni deni atakalolilipa mpaka watoto wamalize skuli.

Suali tutakalo kulichungua ni hili. Mtu ana gari, naye ajua kwamba lina ila: giaboksi hushituka likisha pata moto, au injini yala oili, au liliwahi kugongwa likanyoshwa. Akaja mnunuzi, akalizunguka, akafungua boneti, akauliza bei. Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Alisema tu, “Gari ndilo hilo, litazame mwenyewe, likikupendeza, nunua kama lilivyo.” Mnunuzi hakuuliza khabari za giaboksi, na muuzaji hakumwambia. Wakapeana mikono. Je, muuzaji huyu yu safi? Na zile fedha alizozipokea, ni zake kwa haki?

Tumelichagua suali hili kwa kuwa wengi katika watu wetu hulijibu kwa haraka. Mwenye kununua husema kwamba muuzaji ni mwizi. Mwenye kuuza husema kwamba mnunuzi ana macho. Na mtu huyo huyo hujibu hivi mwezi huu anaponunua, na hujibu vile mwezi ujao anapouza. Jawabu ligeukalo kwa kugeuka maslaha halitufai, wala halistahili kuitwa jawabu.

Yatupasa kwanza tufahamu ni kitu gani anunuacho mtu anaponunua gari lililotumika. Rangi huonekana. Viti huonekana. Tairi huonekana. Lakini lile alitakalo hasa, yaani kwamba gari litamfikisha Malindi na kumrudisha, kwamba breki zitashika katika mteremko wa Mazeras, kwamba mwakani halitamla ada ya skuli ya watoto, hilo halionekani kwa jicho. Uaminifu wa gari ni khabari ya kesho, na khabari ya kesho hukisiwa kwa khabari ya jana: oili ilibadilishwa kwa wakati wake au haikubadilishwa, rejeta iliwahi kukauka njiani au haikukauka, gari liliwahi kuingia maji au halikuingia. Na jana ya gari aijua nani? Aijua aliyelimiliki. Basi mnunuzi hununua vitu viwili kwa bei moja: chuma, na neno juu ya chuma kile. Chuma hukabidhiwa mbele ya macho. Neno limo kifuani mwa muuzaji, akitaka hulitoa, akitaka hulizuia.

Sasa natuitaje hoja ya muuzaji kwa ukamilifu wake, kwani si haki kumvunja mtu kabla ya kumsikiliza. Husema: mimi sikudanganya. Kudanganya ni kusema kisichokuwa, na mimi sikusema kitu. Mnunuzi ni mtu mzima, ana macho, na aweza kuja na fundi. Bei niliyomtajia ni ya gari lililotumika, na kila mtu ajua kwamba lililotumika halikosi kitu. Nimemwambia waziwazi kwamba nauza kama lilivyo. Nikianza kumhisabia kila ugonjwa, hatanunua yeye wala mwengine, na mimi nina dharura zangu. Tena watu husaidiwa na sheria ya nchi, kwani Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, asili yake ni kwamba mnunuzi ajiangalilie nafsi yake, ingawa imeweka mipaka, kama vile pale mnunuzi alipomjulisha mfanya biashara haja anayokitakia kitu, akategemea ujuzi wake.

Hoja hii ina nguvu, wala hatuidharau. Lakini ina tundu katikati yake, na tundu lenyewe ni lile neno “sikusema kitu”.

Watu wote waijua khabari ya yule muuza nafaka wa soko la Madina. Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta rutuba. Akamwuliza mwenyewe, naye akatoa udhuru kwamba ni mvua iliyonyesha. Akalaumiwa kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, na Mtume akajitenga na mwenye kughushi. Natutazame vizuri. Muuza nafaka yule hakutamka uongo. Hakusema kwamba nafaka yake ni kavu. Hakuiletea maji yeye. Mvua ndiyo iliyoleta. Alilofanya ni kuacha juu kukaonekana kukavu na chini kukabaki kubichi. Mnunuzi alikuwa na macho na mkono, na lau angetaka angetia mkono wake mwenyewe. Na juu ya yote hayo, hakuambiwa mnunuzi kwamba kosa ni lake. Aliambiwa muuzaji. Hapa twafahamu kwamba uso wa bidhaa nao husema. Gari lililooshwa, likapakwa nta na kuwekwa mbele ya watu, husema kwa niaba ya mwenyewe: “Mimi ni mzima.” Basi asemaye kwamba hakusema kitu, amesahau kwamba alikwisha lisemesha gari.

Na kuna khabari ya pili, iliyo karibu zaidi na jambo letu, aliyoitaja Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihya. Mtu aliuza ngamia kwa dirhamu 300, na Wathila bin Al-Asqa', sahaba wa Mtume, alikuwa amesimama pale. Akaghafilika, mnunuzi akaondoka na ngamia wake. Wathila akamkimbilia akimwita, akamwuliza: umemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Akajibu kwamba ni wa kupanda. Akamwambia kwamba wayo wa ngamia yule una tundu, hataweza kuendeleza safari. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Kisha muuzaji akamlaumu Wathila kwamba amemharibia biashara yake.

Katika khabari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, Wathila hakuwa muuzaji wala dalali. Alikuwa mpita njia aliyejua. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kwamba aijuaye ila, hata akiwa mtu wa kando, yampasa amjulishe mnunuzi. La pili ni lile suali lenyewe: kwa nyama au kwa kupanda? Tundu la wayo si ila kwa mwenye kuchinja. Ni ila kubwa kwa mwenye kusafiri. Ila ya kitu haijulikani mpaka ijulikane haja ya mnunuzi.

Na mfano wake katika magari ni huu. Magari mengi ya dizeli ya miaka hii, kama CX-5 la dizeli, yana chujio la masizi katika njia ya moshi. Chujio hili hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue hutaka gari liende mwendo mrefu hata moshi upate moto sana. Mwenye kwenda Nairobi na kurudi halimpi taabu. Lakini mwenye kulitumia kupeleka watoto skuli asubuhi na kurudi, vituo na foleni, chujio lake huziba, na kulibadilisha ni ghali mno. Gari ni moja. Kwa huyu ni mali, kwa yule ni msiba. Muuzaji ajuaye haya, akamwona mnunuzi amekuja na watoto wenye mifuko ya skuli, akanyamaza, amewaacha waondoke na ngamia mwenye tundu.

Tuje sasa katika lile neno “kama lilivyo”, ambalo wengi hulifanya kuwa ngao. Mafakihi walilijua neno hili zamani. Waliliita kuuza kwa sharti la kujitoa katika ila. Na hukumu yake imesimama juu ya kisa cha Abdallah bin Umar, kilichopokewa katika Muwatta ya Imamu Malik. Ibn Umar alimwuza mtumwa, kama ilivyokuwa katika zama zile, kwa dirhamu 800, akashurutisha kwamba hana dhamana ya ila. Mnunuzi akadai kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Wakaenda kwa Uthman bin Affan. Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alimwuza naye hajui ugonjwa ule. Ibn Umar hakukubali kuapa, akamrudisha. Mtumwa akapona kwake, kisha akamwuza kwa dirhamu 1,500.

Tazameni hukumu ile ilivyo nyembamba. Uthman hakusema kwamba sharti halina kazi, wala hakusema kwamba sharti lamaliza maneno. Aliuliza kitu kimoja tu: ulijua au hukujua? Kwa hivyo Mashafii wakasema kwamba sharti la namna hii humtoa muuzaji katika ila iliyofichika ndani ya mnyama, ambayo mwenyewe hakuijua. Na kwa nini mnyama peke yake, wala si nguo wala chombo? Kwa kuwa mnyama hula, na afya yake hugeuka, na mara chache husalimika na ugonjwa wa ndani usioonekana. Ama nguo, akitaka mwenyewe kuijua huikunjua akaitazama.

Hapa pana suali lililo tamu kwa mwenye kupenda kufikiri: gari ni mnyama au ni nguo? Hakika halina roho. Lakini lina mambo ya ndani yasiyoonekana mpaka lifunguliwe chuma kwa chuma, nayo huharibika kimya kimya. Basi kwa namna hiyo lafanana na mnyama. Na lina mambo mengine, kama bodi, tairi, taa na kutu ya chini, ambayo ni nguo tupu, aliyeinama huyaona. Twaona yumkini kuligawa: lile la ndani ambalo mwenyewe hakulijua, tumwonee huruma muuzaji, hakimu ahukumu kwa kadiri ya sharti lao, na lile liwezalo kuonekana, asijifiche nyuma ya sharti. Ama lile analolijua kwa yakini, ukiliita gari mnyama au ukiliita nguo, neno “kama lilivyo” halimsafishi. Sharti hufunika ujinga, halifunikii ujuzi.

Na wala tusidhani kwamba ila isiyojulikana na mwenye gari ni kitu cha kubuni. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa, ile ifumukayo kwenye usukani gari ligongapo, na ikauzia viwanda vingi vya magari. Ndani yake ilitiwa kemikali ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu ipitayo kadiri, ikirusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani peke yake mifuko ipatayo milioni 67 iliamriwa kurudishwa, na watu zaidi ya 20 walikufa. Januari 2017 kampuni ile ilikubali kukiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani kwamba ilidanganya wenye viwanda kwa taarifa za uongo za majaribio, na Juni mwaka ule ule ikafilisika. Natufikiri: joto na unyevu, ndiyo hewa yetu sisi watu wa pwani. Na barua za kuwaita wenye magari ili wabadilishiwe zilipelekwa kwa wenyewe wa kule; gari likisha vuka bahari, barua hailifuati. Muuzaji wa Mombasa aliyenunua kwa nia njema huenda hajui hata kidogo. Huyu udhuru wake waeleweka. Lakini akisha ambiwa, na namba ya chesi yaweza kutazamwa katika orodha za wenye viwanda, udhuru umekwisha siku ile ile.

Yote tuliyoyasema ni juu ya mwenye kunyamaza. Ama yule mwenye kutenda, jambo lake ni zito zaidi. Waarabu walikuwa na hila ya kufunga chuchu za ngamia au mbuzi siku kadhaa wasimkame, ili mnunuzi amwone kiwele kimejaa adhani kwamba ni wa maziwa mengi. Mtume akakataza, akampa mnunuzi khiyari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Na Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, katika Minhaj alilipimia jambo hili mambo mengine: mtu kuyazuia maji ya kinu kisha kuyaachia wakati wa kuuza, ili mnunuzi akione kinu chasaga kwa nguvu. Wallahi hatuoni tafauti baina ya mwenye kinu yule na mwenye kurudisha nyuma mita ya kilomita. Au mwenye kutia oili nzito ili injini inyamaze kugonga kwa siku mbili. Au mwenye kuifuta taa ya onyo kwa kompyuta asubuhi ambayo mnunuzi atakuja adhuhuri. Haya ni maji yaliyozuiwa.

Wala hila hii si ya madalali wadogo peke yao. Septemba 2015 Volkswagen, kampuni kubwa ya Ujerumani, ilikiri kwamba magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 yaliwekwa programu iliyotambua kwamba gari lapimwa moshi, ikalifanya lijistahi wakati wa kupimwa, na likisha toka barabarani likatoa moshi mchafu kama lipendavyo. Kiwele kilifungwa kwa ujuzi wa mahandisi. Basi asidanganyike mtu kwa jina lililoandikwa mbele ya gari. Jina kubwa ni sababu ya kudhania kheri, si ushahidi.

Hapa yatubidi tumgeukie mnunuzi, kwa kuwa na yeye ana wajibu wake. Mwenye kuchukua roho za watu wa nyumba yake akaziweka ndani ya chuma asichokichungua, hana haki ya kuwalaumu wengine peke yao. Wengi wetu hununua kwa kutazama rangi na kusikiliza majirani. Mtu husema, “Gari fulani halifi,” naye hakuliona ila kwa mjomba wake. Kila gari hufa likikosa kutunzwa, na gari lililotunzwa la jina dogo ni bora kuliko la jina kubwa lililoteswa.

Natuyataje machache yawezayo kumfaa. Gari lije likiwa baridi, injini iwashwe mbele yake. Kwani injini iliyokwisha pashwa moto kabla hajafika huenda inafichiwa kitu. Autazame moshi: wa samawati ni oili yaungua, mweusi ni mafuta yapita kiasi, mweupe uendeleao hata injini ipate moto huenda maji yaingia ndani ya silinda. Afungue kifuniko cha oili na cha maji injini ikiwa baridi. Akikuta utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, au oili ndani ya maji, ashituke, hasa katika Forester za zamani zenye injini ya lita 2.5, ambazo zajulikana kwa kuvuja gasketi ya silinda hedi. Kwa magari yenye giaboksi ya mkanda wa chuma isiyo na hatua, kama X-Trail nyingi, aulize oili yake ilibadilishwa lini na ni oili gani, kwani giaboksi hii haitaki ila oili yake makhsusi, na ya namna nyingine huiua. Aliendeshe gari mpaka lipate moto, apande nalo mlima, asikilize.

Kisha ainame. Chini ya gari ndiko kwenye ukweli. Magari yaliyotoka pande za Japani penye theluji, au Uingereza, ambako barabara hutiwa chumvi, huliwa na kutu kutoka chini huku juu yang'aa. Na hewa yetu ya bahari huiendeleza kutu ile. Atazame pedali, usukani na kiti cha dereva, avipime na mita. Pedali iliyolika kwa gari lisemwalo kwamba limekwenda kilomita 40,000 yasema jambo jengine. Na kwa magari ya Japani yana karatasi. Kule gari la mtu binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila miaka miwili, na kilomita huandikwa. Na cheti cha kulitoa gari nchini hubeba hisabu ile. Na likiwa lilipita mnadani, huwa na karatasi ya mnada yenye daraja yake, na lililogongwa likatengenezwa huwekewa alama ya herufi R. Kenya haikubali kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Lakini miaka minane ni hisabu ya umri, si hisabu ya maisha. Gari la miaka mitatu laweza kuwa limeteswa kuliko la miaka saba.

Na alete fundi wake mwenyewe. Tumesema wake mwenyewe kwa kusudi, kwa kuwa mna desturi mbaya imeingia: fundi huletwa na mnunuzi, akalipwa na mnunuzi, kisha muuzaji akamtilia kitu mkononi pembeni ili alisifu gari. Fundi huyu ni mbaya kuliko muuzaji mnyamavu. Muuzaji alizuia neno lililo lake. Fundi ameuza neno la mtu mwengine alilokuwa ameaminiwa nalo. Na dalali kadhalika: ujira wake ni halali kwa kukutanisha watu, wala hakuna ujira kwa kuwafumba macho.

Mnunuzi naye asidhulumu. Tumewaona watu walizungukao gari zima la mtu wakaliponda mbele ya mashahidi: injini imekufa, bodi limeoza, ili mwenyewe aingiwe na khofu ashushe bei. Kuitia bidhaa ya mtu ila isiyokuwa nayo ni ndugu ya kuificha ila iliyo nayo. Na akisha nunua, akaona ila ya zamani iliyofichwa, yampasa amjulishe muuzaji papo hapo na aache kulitumia gari. Kwani katika madhehebu yetu khiyari ya kurudisha ni ya haraka, na mwenye kuliendesha mwezi mzima baada ya kujua, kisha akadai kurudisha, ameonyesha kwamba ameridhika nalo.

Limebaki suali gumu, nalo ni la yule muuzaji mwenye shida. Huenda ana mgonjwa hospitali. Gari ndilo mali yake ya pekee. Akiitaja giaboksi, bei hushuka kwa laki mbili au tatu. Je, hatumwonei huruma? Twamwonea. Lakini natuulize: zile laki mbili ni za nani? Gari lenye giaboksi mbovu halikuwa na thamani ile tangu mwanzo. Kilichokuwa na thamani ile ni gari zima, na gari zima hana. Basi akisema kweli hapati khasara. Huacha tu kuchukua kisichokuwa chake. Na akinyamaza, shida yake haikuondoka duniani. Ameihamisha kutoka nyumba yake hadi nyumba ya mwenziwe, ambaye huenda naye ana mgonjwa. Kuna njia iliyo nyepesi: ataje ila, aonyeshe hisabu ya fundi ya kuitengeneza, apunguze kwa kadiri ile. Mnunuzi wa gari la namna hii hupatikana, na hununua naye ajua.

Wala hatusemi kwamba muuzaji ahisabu kila mkwaruzo. Mafakihi wametupa kipimo: ila ni kile kipunguzacho kitu chenyewe au thamani yake, hata haja iliyo sahihi ikakosekana, na ikawa kwa desturi vitu vya jinsi ile havina kasoro ile. Kiti kilichochakaa katika gari la miaka kumi ni desturi. Giaboksi ishitukayo si desturi. Na mwenye shaka na ajiulize: lau mnunuzi angelijua hili, angeliitoa bei hii? Akiona moyo wake wasita kujibu, basi hilo ndilo la kutajwa.

Mwisho, wenye kudhani kwamba kunyamaza ni jambo la watu wawili tu, muuzaji na mnunuzi, na wayafikiri aliyoyaeleza mwanachuoni wa Marekani, George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970, yaliyokuwa miongoni mwa sababu za kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na wenziwe wawili. Wamarekani gari bovu huliita limau. Akerlof alieleza kwamba, wanunuzi wasipoweza kupambanua zima na limau, hawatoi bei ya gari zima. Hutoa bei ya katikati kwa khofu. Mwenye gari zima akiona bei ile haimlipi, huliondoa sokoni. Yakabaki mabovu, bei ikashuka tena, na yaliyo mazima kidogo nayo yakaondoka. Hivyo mwenye kunyamaza humwibia pia yule muuzaji mkweli asiyemjua, kwani neno lake la kweli limekuwa halina bei. Mji ambao ukweli hauna bei, hata mkweli hukata tamaa, na watoto wake hufunzwa kwamba biashara ni werevu wa kuficha.

Basi sisi twasema kwa muhtasari: alijuaye na atamke, asilolijua na aseme kwamba halijui, na asishurutishe “kama lilivyo” ila katika lile lisilojulikana na yeye mwenyewe. Na mnunuzi achungue kabla ya kutoa, wala asiliponde la mwenziwe. Na kila aliyesimama pembeni naye anajua, fundi, dalali, jirani au mpita njia, amkimbilie mnunuzi kabla hajafika mbali, amwulize suali la Wathila: umelinunulia nini? Mtu atakapomwambia kwamba amemharibia biashara yake, avumilie. Biashara iharibikayo kwa neno la kweli ilikuwa mbovu kabla neno halijasemwa.

Mwenyezi Mungu atupe ndimi zenye kusema panapostahiki kusemwa, na riziki isiyotokana na kimya cha hiyana. Amin.